Nchi na Viumbe Vyake: Jinsi Ardhi ya Kitui na Makueni Inavyoishi

Mtu apitaye kando ya mto Tiva, katika Kaunti ya Kitui, mwezi wa Septemba, huona nchi iliyo kama imekufa. Migunga imepukutisha majani, nyasi zimegeuka vumbi, na mto wenyewe ni njia ya mchanga mtupu. Mtu huyo huyo akipita tena mwishoni mwa Novemba, baada ya mvua ambayo Wakamba huiita ya nthwa, hukuta kila kitu kibichi, kumbikumbi wanaruka, nyuki wanavuma, na ng'ombe wameanza kunawiri.

Jambo hilo kila mwenyeji analijua. Lakini liko jingine ambalo mwenyeji pia hulishuhudia, nalo ni gumu zaidi kulieleza. Yako mashamba mawili yanayopakana, yenye udongo wa namna moja na kunyeshewa na wingu moja. Hata hivyo upande mmoja wa ua huota nyasi za kufika magotini, na upande wa pili hubaki mwekundu na mgumu kama sakafu. Mvua haikupendelea mtu. Basi tofauti hiyo imetoka wapi?

Jibu la swali hilo ndilo msingi wa elimu moja ambayo yampasa kila mkulima wa nchi kavu kuijua, hata kama hakupata kuingia chuo kikuu.

ELIMU YA NYUMBA

Elimu hiyo huitwa ikolojia. Jina hili lilitungwa mwaka wa 1866 na mtaalamu wa Ujerumani, Ernst Haeckel, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba. Kwa hiyo ikolojia ni elimu ya nyumba, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyokaa pamoja katika makao yao. Mwaka wa 1935 Mwingereza Arthur Tansley alileta neno jingine, nalo ni mfumo-ikolojia. Maana yake ni viumbe wote wa mahali fulani, pamoja na vitu visivyo na uhai vinavyowazunguka: udongo, maji, hewa, joto na mwanga wa jua.

Mfano wake ni kaya iliyo njema. Katika kaya yuko achotaye maji, yuko achungaye, yuko alimaye, na yuko apikaye. Mmoja akiugua, wote huona upungufu, hata yule asiyejua kwa nini chakula kimechelewa. Ndivyo ilivyo nchi. Mti, mbuzi, mchwa, popo na mto kila mmoja ana kazi yake, na kazi ya mmoja ndiyo riziki ya mwingine.

Nyumba inayozungumzwa hapa ni pana. Kitui ina karibu kilomita za mraba 30,000, na Makueni karibu 8,000. Mto Athi hupita mpakani mwao, na kando yake umelala uwanda wa Yatta, ulioumbwa na mwamba wa moto uliotiririka zamani za kale mwendo wa kilomita zipatazo 300. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Wote hao hutegemea misimu miwili ya mvua: ile ya uua, kuanzia Machi hadi Mei, na ile ya nthwa, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ya nthwa ndiyo tegemeo kubwa zaidi. Milimani mvua huwa ya kutosha kidogo, lakini katika nyanda za chini yaweza kupungua milimita 500 kwa mwaka, na jua la huko lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa kuliko hayo. Kwa hiyo swali kubwa la nchi hii si maji mangapi yameanguka tu, bali ni maji mangapi yamekaa.

UHAI ULIOJIFICHA

Viumbe wa nchi kavu hawakungoja binadamu awafundishe kukabili kiangazi. Mbuyu hutunza maji katika shina lake nene. Mgunga hupukutisha majani ili usipoteze maji, na mizizi yake hushuka chini sana. Nyasi nyingine hufa kabisa zikaacha mbegu mavumbini, na nyingine hukauka juu huku shina lao la chini likiwa hai. Mchwa huingia ndani ya kichuguu, ambamo hewa ina unyevu hata nje kukiwa tanuri. Hapo ndipo uhai ulipokuwa umejificha mwezi wa Septemba.

Mvua inaponyesha, kila kiumbe hushindana na wakati. Nyasi za msimu huota, huchanua na kutoa mbegu katika majuma machache, kana kwamba zinajua ya kuwa mvua haitakawia kukatika. Wataalamu wa kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, waliifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya 1960 walipotoa aina ya mahindi yanayokomaa mapema. Mahindi ya Katumani hayazai kama yale ya nyanda za juu zenye mvua nyingi, lakini huwahi kukomaa kabla udongo haujakauka. Mtama, wimbi, kunde na pojo zilikuwa na akili hiyo tangu zamani.

NANI HUMLISHA NANI

Chanzo cha nguvu za viumbe wote hao ni jua. Jani lina uwezo ambao hakuna mnyama aliye nao: hukamata mwanga, huchanganya hewa na maji, na kufanya chakula. Mbuzi hula jani, chui hula mbuzi, na tumbusi hula mabaki. Lakini katika kila hatua nguvu nyingi hupotea, maana mnyama hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kwa kutembea, kupumua na kuutunza mwili. Wataalamu hukadiria ya kuwa, kwa kawaida, sehemu kama 10 tu katika kila 100 ndizo zinazopita kutoka hatua moja hadi ya pili. Ndiyo sababu nyasi ni nyingi, swala ni wachache kuliko nyasi, na simba ni wachache kuliko swala.

Hesabu hiyo haina huruma, nayo humhusu mfugaji pia. Nchi yaweza kulisha mifugo kwa kadiri ya nyasi zinazoota, wala haiongezi hata mmoja kwa sababu mwenyewe anampenda. Mifugo ikizidi, hula kwanza majani, kisha shina, na mwisho huutafuna moyo wa nyasi penye chipukizi la mwaka ujao. Hapo mfugaji huwa kama mtu aliyekula mbegu zake: chakula cha leo amekipata, lakini msimu ujao hana cha kupanda.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana katika mbuga ya Tsavo, inayopakana na kaunti hizi mbili. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa huko, na wengi wao walikuwa majike na watoto. Mtu angedhani wamekufa kwa kiu, lakini sivyo. Walikaa karibu na maji, wakamaliza malisho yote yaliyokuwa karibu, wakafa kwa njaa huku maji yako. Mfugaji anayeshangilia kisima kipya na akumbuke ndovu hao. Kisima kisicho na malisho kando yake huwakusanya ng'ombe mahali watakapofia.

MKULIMA AISHIYE CHINI YA ARDHI

Wako pia viumbe ambao kazi yao ni kula kilichokufa. Bila wao, majani makavu, samadi na mizoga vingerundikana, na chakula cha mimea kingebaki humo milele. Katika nchi zenye unyevu kazi hiyo hufanywa sana na kuvu na nyungunyungu. Katika nchi kavu, fundi mkuu ni mchwa.

Watu wengi humwona mchwa kuwa adui tu, kwa kuwa hula nguzo za nyumba na mabua ya mahindi. Lakini mchwa wajengao vichuguu virefu wenyewe ni wakulima. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvipeleka chini, na kuotesha juu yake kuvu ambayo ndiyo chakula chao. Katika kazi hiyo hupandisha udongo wa chini juu, na hutoboa njia nyingi ambazo maji ya mvua huingilia. Kwa hiyo ardhi ya kichuguu cha zamani mara nyingi ina rutuba kuliko ya jirani. Tena mchwa akikosa majani makavu mashambani, hugeukia mmea ulio hai. Mkulima achomaye mabua yote baada ya mavuno humnyima mchwa chakula chake, kisha hushangaa anapoyavamia mahindi.

Fundi mwingine haonekani kwa macho. Hewa imejaa naitrojeni, ambayo kila mmea unaihitaji, lakini mimea mingi haiwezi kuichukua hewani. Katika vinundu vya mizizi ya kunde, mbaazi, pojo na migunga mingi wamo bakteria wanaoweza kuikamata naitrojeni hiyo na kuupa mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Akina mama wa Ukambani wanaochanganya mahindi na kunde au mbaazi katika shamba moja wanatumia ushirika huo.

NYIGU WA MKUYU NA POPO WA MBUYU

Ushirika wa ajabu zaidi uko katika mkuyu. Maua ya mti huo yamo ndani ya tunda, wala upepo hauwezi kuyafikia. Yuko nyigu mdogo sana ambaye jike lake hupenya katika kitundu cha tunda likiwa bado changa, likiwa limebeba chavua, yaani vumbi la maua, kutoka mkuyu mwingine. Huyapa maua chavua hiyo, hutaga mayai, na kufia humo humo. Watoto wake hukulia ndani, na majike hutoka na chavua mpya kwenda kutafuta tunda jingine. Mkuyu bila nyigu huyo hauzai mbegu, na nyigu bila mkuyu hana mahali pa kuzalia. Na kwa kuwa mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja, ndege, nyani na popo hupata tunda hata wakati miti mingine haina kitu.

Wazee wa Ukambani waliutunza mti huo kabla ya kuja elimu ya vitabuni. Mahali pa ibada palipoitwa ithembo mara nyingi palikuwa chini ya mikuyu au mimumo mikubwa, na ilikuwa mwiko kukata mti hapo. Hivyo, katika nchi ambayo vichaka vyake vingi vimekatwa, vilibaki visiwa vidogo vya miti ya kale pamoja na viumbe wake.

Mbuyu nao huchanua usiku, na maua yake meupe huvuta popo walao matunda. Popo hunywa asali ya ua, hujipaka chavua, na kuipeleka mbuyu mwingine. Nyuki wa mizinga ya magogo, ambayo Wakamba wanasifika kwayo tangu zamani, hufanya kazi kama hiyo katika migunga na mashambani. Asali ni ujira ambao mwenye mzinga huuona. Ujira mwingine, asiouhesabu, ni tunda la shamba lake. Anyunyiziaye dawa ya wadudu mchana wakati maua yamefunguka huwaua vibarua wake mwenyewe.

MBUNG'O, KIFARU NA KICHAKA CHA MAKUENI

Hadi miaka ya 1940, sehemu kubwa ya Makueni ilikuwa kichaka kizito kisicho na watu. Sababu zilikuwa uhaba wa maji na mbung'o. Inzi huyo hupenda kivuli. Hufyonza damu ya nyati, ngiri, pongo na wanyama wengine, ambao hubeba vijidudu vya nagana bila kuugua sana. Ng'ombe akiumwa na mbung'o mwenye vijidudu hivyo hukonda na kufa. Tena mbung'o hazai kama inzi wengine. Jike huzaa funza mmoja mmoja, naye hujizika katika udongo laini wenye kivuli. Kichaka, wanyama, inzi na ugonjwa vilikuwa kama mnyororo mmoja.

Katika miaka hiyo ya 1940, serikali ya kikoloni iliamua kuufungua mnyororo huo ili kuwapa makazi watu wa milima ya Machakos waliokuwa wamesongamana. Kabla ya vichaka kufyekwa, mwindaji John Hunter alitumwa kuwaondoa vifaru, kwa kuwa waliwashambulia wafyekaji. Kati ya 1944 na 1946 aliua karibu vifaru 1,000. Kisha miti ilikatwa, kivuli kikatoweka, mbung'o akapungua, na watu wakaanza kuhamia na mifugo yao.

Kwa hesabu ya ng'ombe, huo ulikuwa ushindi. Kwa hesabu ya nyumba nzima, mambo mawili yalitokea pamoja. Familia nyingi zilipata ardhi ambayo wajukuu wao wanailima hata leo. Lakini kifaru, aliyekuwa mlaji mkuu wa vichaka hivyo, hakurudi, na udongo uliokuwa chini ya kivuli kwa karne nyingi ulifunuliwa kwa jua na matone ya mvua. Fundisho hapa si kwamba kichaka kisifyekwe kamwe. Fundisho ni kwamba kila kiungo cha mnyororo kina kazi zaidi ya moja. Kichaka kilichomficha mbung'o ndicho pia kilichoushika udongo. Na mtu aondoaye kichaka hupokea kazi ya kuushika udongo kwa mikono yake mwenyewe.

NG'OMBE WA 1938 NA FANYA JUU

Kazi hiyo ya kuushika udongo ina historia yenye uchungu. Katika miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imechanwa na makorongo. Wakamba walikuwa wamezuiwa kuhamia nchi nyingine kwa mipaka ya hifadhi iliyowekwa na serikali, mifugo ikabanana, na ukame ukafuatana na nzige. Serikali iliona dalili, yaani mifugo mingi, ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Serikali ililegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu.

Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta membamba, nayo yalichukiwa. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950, vikundi vya kazi ya pamoja, vijulikanavyo kwa jina la mwethya, vilipotumika, na wakulima walipopata tuta lililowafaa zaidi. Tuta hilo huitwa fanya juu. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu badala ya chini. Ukingo hupandwa nyasi. Mvua ikinyesha, maji na udongo huzuiwa nyuma ya ukingo, na miaka ikipita mteremko hugeuka kuwa ngazi zilizo karibu tambarare.

Baada ya uhuru wa 1963 matuta mengi yaliachwa, kwa kuwa yaliwakumbusha watu shuruti. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 wakulima waliyarudia kwa hiari, kwa sababu mwenye matuta alivuna katika mwaka ambao jirani yake alikosa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake mpaka 1992, wakaandika kitabu mwaka wa 1994. Walionyesha ya kuwa kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua na miti ya mashambani iliongezeka. Binadamu si lazima awe mgonjwa wa nyumba. Aweza pia kuwa mganga wake, iwapo ardhi ni yake na faida ya jasho lake itamfikia.

MCHANGA ULIO TANGI

Mito mingi ya kaunti hizi hutiririka kwa siku chache tu baada ya mvua. Hata hivyo haikauki kabisa, maana maji hubaki kati ya chembe za mchanga. Akina mama huyapata kwa kufukua visima vya mchangani wakati wa kiangazi. Hapo ndipo ulipotoka ujuzi wa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija, tope jepesi huvuka ukuta, bali mchanga mzito hutua nyuma yake. Bwawa hujaa mchanga, na kwa kawaida sehemu 25 hadi 40 katika kila 100 za mchanga huo ni nafasi ya maji. Jua haliwezi kuyafikia maji yaliyo chini sana, mbu hawazai humo, na ng'ombe hawayachafui. Tena maji hupenya kandokando, na miti na mashamba ya ukingoni hunawiri. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni kilichojulikana kwa kazi hii, na huko Kitui shirika la SASOL limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa.

Kwa hiyo mchanga wa mto si takataka. Ni tangi. Malori yanapouchukua kwenda kujenga majumba ya mijini, maji ya kiangazi huondoka pamoja nao, kingo hubomoka, na visima vya jirani hushuka. Baada ya ugomvi mwingi, Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga na kusimamia uchimbaji wake. Sheria hiyo ni ya mchanga kwa jina. Kwa kweli ni ya maji.

Milima ya Chyulu, kusini ya Makueni, hufanya kazi hiyo hiyo kwa ukubwa. Mvua na ukungu wake huzama katika mawe ya volkano yenye matundu, na maji hutokea tena mbali chini, katika chemchemi kama Umani karibu na Kibwezi na Mzima, ambayo hupeleka maji kwa bomba hadi Mombasa. Moto uwashwao juu ya milima hiyo humhusu mtu wa pwani asiyepata kuiona.

MAKAA NA MUKAU

Sehemu kavu za Kitui zimekuwa zikitoa makaa mengi kwa miji. Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Ni rahisi kumlaumu mchomaji, lakini mara nyingi mtu huyo ni mkulima ambaye mvua imemkosa, na mti ndio akiba yake ya mwisho. Ubaya ni kwamba mgunga uliokua miaka 30 huwa magunia machache kwa siku chache, na uchomaji huondoa kwa mara moja kivuli, ua la nyuki, ganda la mbuzi na naitrojeni ya udongo.

Dawa ni kumpa mkulima mti utakaomfaa zaidi ukiwa hai. Mmoja wao ni mukau, mti wa asili wa nchi hizi kavu. Hukua upesi, mbao zake ni nzuri na mchwa huzishindwa, na majani yake hulisha mifugo wakati wa ukame. Watafiti wa misitu wa kituo cha Kitui, wakisaidiana na Wajapani, wamefanya kazi ya miaka mingi kupata mbegu bora za mti huo.

UPANDE WA PILI WA UA

Sasa lile swali la mashamba mawili laweza kujibiwa. Katika shamba lililo tupu, nyasi ziliisha kwanza. Nyasi zilipoisha, tone la mvua lilianguka juu ya udongo wazi, likauponda na kuuziba matundu. Maji yakashindwa kuingia, yakateremka na udongo wa juu na mbegu zilizokuwamo. Mchwa akakosa majani makavu, njia zake zikaziba, na maji yakazidi kushindwa kuingia. Kila hasara ilizaa nyingine. Ndiyo sababu mvua ile ile haikuotesha kitu: iliyapita mashamba hayo, ikaenda baharini kwa njia ya Athi.

Heri ni kwamba gurudumu hilo huweza kuzungushwa upande wa pili. Wakulima wa Kibwezi na Kitui wamelifanya. Huzungushia ua wa miiba sehemu ndogo, labda nusu ekari, ili mifugo isiingie. Huvunja ugumu wa ardhi kwa plau au jembe, wakifanya mifereji ya kukata mteremko. Kabla ya mvua ya nthwa hupanda mbegu za nyasi za kienyeji, ambazo Wakamba huziita mbeetua, ndata kivumbu na nguu. Msimu wa kwanza hawachungi humo, bali huziacha nyasi zitoe mbegu. Baadaye hukata majani ya kuweka akiba, na wengine huuza mbegu.

Katika njaa ya 1984, iliyopewa jina la Nikwa Ngwete, yaani nafa huku nimeshika fedha mkononi, wengi waliona ya kuwa fedha hazina maana mahali ambapo hakuna cha kununua. Akiba ya kweli ya mkulima wa nchi kavu ni nyasi zilizo uani, mbegu zilizo ghalani, mti ulio mpakani, na maji yaliyo chini ya mchanga. Mvua ya nthwa huanza Oktoba. Mtaro unaochimbwa Agosti na Septemba, ardhi ingali kavu na kazi za shamba zikiwa chache, ndio utakaoipokea.